Kwa Nini Nabadili Kazi



Kama wewe ni mtu wa parokia yetu hapa Morogoro, wanifahamu. Mimi ndiye yule karani wa dirishani, mwenye mhuri na vitabu vya ubatizo, ambaye kwa miaka tisa amekuwa akikuambia, "Rudi kesho." Tangu Januari naonekana ofisini siku mbili tu kwa juma, na maneno yamekuwa mengi. Wengine wasema nimefukuzwa. Wengine wasema nimepotea katika michezo ya simu. Mama yangu mzazi alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, ualimu uliuacha, na ukarani sasa wauacha. Utaacha mangapi?" Swali lake ni la haki, nami naona yafaa nilijibu hapa, maana najua miongoni mwenu wako watu wa miaka thelathini na kitu, wenye wake na watoto, wanaotamani kuanza jambo jipya lakini waona haya.

Ualimu sikuuacha, bali ulinikosa. Nilimaliza chuo nikiwa na cheti kizuri, nikaomba kazi, nikangoja, nikaomba tena, nikangoja tena. Ndipo Baba Paroko akahitaji mtu mwenye mwandiko safi. Nikashukuru, nikaketi. Lakini moyoni nilibaki mwalimu, tena wa namna ile mbaya, aaminiye kwamba asiyeelewa hakusikiliza. Juu ya dirisha nilibandika karatasi yenye herufi kubwa: SOMA KWANZA KABLA YA KUULIZA.

Fomu ya kuomba cheti cha ubatizo niliitunga mwenyewe, nami niliipenda kama mtu apendavyo shairi lake. Mstari wa kwanza ulisema, "Jina la mwombaji." Wa pili, "Tarehe." Basi akija mama kumtafutia mjukuu wake cheti, mara aliandika jina lake mwenyewe, mara jina la mjukuu, mara yote mawili. Mzee mmoja aliniuliza, "Karani, mwombaji si sote tuingiao kanisani?" Nikamwona mchokozi. Na hiyo tarehe, ni ya leo, ya kuzaliwa, au ya kubatizwa? Mimi nilijua, kwa hiyo nilidhani kila mtu ajua.

Mwaka mmoja alikuja bibi kutoka huko juu milimani Uluguru. Mjukuu wake alikuwa amepata nafasi katika shule ya sekondari, na shule ilitaka cheti cha ubatizo. Mara ya kwanza nilimrudisha kwa sababu ya jina. Mara ya pili nilimrudisha kwa sababu ya tarehe. Mara ya tatu fomu ilikuwa sawasawa, nikapiga mhuri kwa kishindo, nikampa. Siku zilikuwa zimekwisha pita. Nafasi alipewa mtoto mwingine, na yule kijana akakaa nyumbani mwaka mzima. Nilipata habari hizo baada ya majuma mawili kutoka kwa bibi mwenyewe, alipopita ofisini kwa shughuli nyingine. Hakugombana nami. Alisema tu, "Nisamehe, mwalimu, mimi sikusoma sana. Nilikusumbua bure."

Ningependa angenitukana.

Jioni ile sikurudi nyumbani upesi. Nilifungua sanduku la fomu nilizozikataa mwezi ule, nikazihesabu. Zilikuwa 40. Katika hizo, 31 zilikosewa katika mistari ile miwili. Nikajiuliza, yawezekanaje watu 31, wasiojuana, wakosee mahali pamoja? Mwalimu yeyote ajua kwamba darasa zima likianguka katika hesabu moja, huenda ubao uliandikwa vibaya. Nilifundishwa hivyo chuoni. Nilikuwa nimesahau.

Nilimsimulia kijana mmoja wa kwaya yetu, atengenezaye programu za simu. Akacheka, akaniambia, "Kaka, wako watu walipwao kwa kuuliza swali hilo kila siku." Wenyewe huiita kazi hiyo yu-eksi. Kwa Kiswahili mimi husema kupanga matumizi, yaani kutazama jinsi mtu anavyokitumia kitu, kisha kukitengeneza kimfuate mtu, badala ya mtu kukifuata kitu.

Niliposoma habari zake nilikuta mambo yaliyonigusa sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani waendeshao ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa tayari chini, wakakunja magurudumu kwa makosa. Walisemwa kuwa wazembe. Bwana Alphonse Chapanis, mtaalamu wa elimu ya nafsi, alikwenda kutazama ndani ya ndege, akaona kwamba kitasa cha magurudumu na kitasa cha vipande vya mabawa vilikaa jirani na kufanana. Dawa yake ilikuwa kukipa kitasa cha magurudumu umbo la gurudumu, ili mkono wenyewe utambue. Hata leo katika ndege nyingi kitasa hicho kina umbo hilo. Naye Don Norman, aliyekwenda kufanya kazi Apple mwaka 1993 na kulieneza jina la kazi hii, alikuwa ameandika kitabu mwaka 1988 kuhusu vitu vya kila siku vinavyotuaibisha bure, kama mlango wenye mpini wa kuvuta, kumbe ni wa kusukuma. Nilipofika hapo niliinua macho. Mlango wa ofisi yetu ni wa namna hiyo hiyo. Miaka yote nimewaona watu wakiuvuta, nami nikitabasamu.

Basi nikaanza kujifunza usiku. Google ilikuwa imeanza mwaka 2021 kutoa masomo ya kazi hii katika Coursera, nami nikayafuata kwa kompyuta ya mitumba niliyoinunua kwa fedha za mahindi. Bando alinilipia mke wangu kwa fedha za maandazi, na hakuficha uchungu wake. "Maandazi 20 kwa usiku mmoja," alisema, "na bado wanuna." Kweli nilinuna. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kusoma pole pole, kidole juu ya mstari. Mtu wa miaka 34 kuwa mjinga upya si jambo dogo. Mwalimu akosapo jibu huumwa mahali asipopajua mwingine.

Lakini kilichonishinda kabisa kilikuwa kunyamaza. Kanuni ni hii: ukitunga kitu, uwape watu wakitumie mbele yako, wewe usiseme neno. Hawahitajiki wengi, Bwana Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano watosha kukuonyesha sehemu kubwa ya makosa. Nikatunga fomu mpya, nikawaomba watu watano baada ya Misa ya pili. Mama wa kwanza alisita kwenye mstari wa tatu. Kabla hajaweka kalamu nilikwisha mwambia, "Hapo, mama, andika jina la baba." Kijana wa kwaya akanivuta pembeni. "Ukieleza umeharibu. Je, utakwenda naye nyumbani?" Kwa watu wanne waliobaki nilikalia mikono yangu, kweli kabisa, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Na kwa kunyamaza nikasikia. Tarehe ya ubatizo wengi hawaijui, bali wajua kwamba mtoto alibatizwa mwaka wa mvua za El Nino, nami kutokana na neno hilo naweza kufungua vitabu vya 1997 na 1998 na kumpata. Kumbe kwa miaka tisa niliwadai watu namba, na wao walikuwa na habari yenyewe. Fomu ya sasa yauliza, "Nani alibatizwa?" na, "Mwaka gani? Kama hukumbuki, taja jambo lililotokea siku hizo." Maswali matano niliyafuta, maana majibu yake yamo vitabuni mwangu tayari. Mwezi uliofuata zilirudi fomu nne. Karatasi ya SOMA KWANZA niliibandua mwenyewe.

Sitaki udhani kwamba tangu hapo njia ilinyooka. Niliomba kazi mahali sita, nikakataliwa mahali sita, na pengine sikujibiwa kabisa. Sasa nimepewa siku tatu kwa juma na watu watengenezao programu ya simu kwa vyama vya akiba na mikopo. Mshahara wote, wa huku na wa kule, haujafikia ule wa zamani. Na bado nakosea. Juzi niliweka neno "Ghairi" kwenye kitufe, nikiwa na hakika nalo, maana ni Kiswahili fasaha. Sokoni mama muuza nyanya alikataa kukigusa. Alidhani ni gharama, kwamba akikibonyeza atakatwa fedha. Moyo wa zamani ukataka kumfundisha maana ya kughairi. Nikauma ulimi, nikaandika katika daftari. Kitufe chasema "Acha, rudi nyuma."

Jambo moja lilikuwa limebaki, na nalikawia kulifanya. Mwezi uliopita nilipanda milimani hadi kwa yule bibi, nikamwambia, "Shikamoo bibi, fomu ile ilikuwa mbovu. Aliyekosa ni mimi." Alinitazama kwa muda, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Hata mjukuu wangu alisema hivyo." Mjukuu yuko kidato cha tatu sasa, katika shule nyingine, mwaka mmoja nyuma ya wenzake.

Kisha akaitaka fomu mpya aione. Akavaa miwani, akaandika kwa utulivu, mstari kwa mstari, nami nimenyamaza. Alipofika kwenye namba ya simu akasimama, akanionyesha visanduku. "Hivi ni vya mkono wa mtoto," alisema. "Wangu hauingii."

Nimevipanua.