Nzi wa Matasia na Vazi la Punda

Msafiri atokaye Ngong kwenda Kiserian hupita Matasia, chini ya milima ya Ngong. Zamani palikuwa malisho ya Wamaasai. Sasa ardhi imegawanywa viwanja, na nyumba za mawe zimesongamana. Lakini punda hajaondoka. Penye nyumba zisizofikiwa na mfereji, yeye ndiye aletaye mitungi ya maji, nayo kazi ambayo nchi nyingine walimpa farasi, huku hufanywa naye.

Mchana wa jua kali mateso yake si mzigo tu, bali nzi pia. Huja kunywa machozi pembeni mwa macho, na penye kidonda kilichochunwa na kamba hutua kundi zima. Wengine huacha kidondani vibuu vya mnyoo aishiye tumboni mwa punda na farasi, na kidonda cha namna hiyo hakiponi upesi. Pange naye hukata ngozi akanywa damu.

Huko Uhispania farasi hufungwa penye paji la uso matamvua ya ngozi, hariri au singa, yaitwayo mosquero, jina litokanalo na neno lao la nzi. Mnyama akitembea matamvua hupepea, nzi wakaruka. Kwingine Ulaya watu hufuma kwa mkono kofia za masikio za uzi wa pamba. Mgeni huyadhani mapambo matupu. Ni mapambo, naam, lakini yanafanya kazi.

Mwaka 2019 wataalamu walitangaza majaribio yaliyofanywa Uingereza, ambako farasi walivikwa majoho meusi, meupe, na yenye milia kama ya punda milia. Penye milia pange waliotua walikuwa wachache mno; vichwani, palipoachwa wazi, walitua kama kawaida. Ajabu ni kwamba mwenye milia yenyewe hula majani katika nyanda za Kitengela, Kajiado hiyo hiyo!

Jambo hili lina uzito. Hesabu ya mwaka 2009 ilipata punda karibu milioni 1.8 katika Kenya. Ile ya 2019 ilipata kama milioni 1.2, baada ya machinjio yaliyotafuta ngozi za kupeleka China. Punda akipofuka, kumpata mwingine si rahisi, na mwenye kubeba mtungi mgongoni tena ni mama wa nyumba.

Tangu kale kumpakia punda mizigo ni kazi ya wanawake wa Kimaasai, na mikono hiyo hiyo ndiyo itungayo shanga na kushona ngozi. Matamvua ya uso hayataki zaidi ya ukanda laini na nyuzi zinazoning'inia kupita macho kidogo. Shanga zikipendwa, zishonwe juu kwenye ukanda, mbali na jicho. Kidonda kitibiwe kwanza. Na jioni, punda afunguliwapo mkokoteni, vazi nalo livuliwe likafuliwe, kwa maana kitambaa chenye jasho huwaita nzi wale wale.