Gololi Kwenye Vumbi

Mradi wangu wa shahada ya uzamili ni kuunda mashine ya CNC ya kuchonga mbao, itakayokaa kwenye karakana ya mjomba wangu, Keko, Dar es Salaam. Fremu haikunisumbua. Kilichoninyima usingizi ni namna ya kugeuza mzunguko wa mota uwe mwendo wa kunyooka.

Mkanda wenye meno ndio rahisi kuliko vyote. Meno yake yameachana milimita 2, puli ina meno 20, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 40. Mota yangu hupiga hatua 200 kwa mzunguko. Kila hatua ni milimita 0.2. Lakini mkanda mrefu huvutika, na mninga hauna huruma. Kisu kikikutana na fundo, mkanda unanyumbuka na ua ulilolichora linapinda.

Msimamizi wangu alitaka skrubu ya gololi. Gololi za chuma huzunguka ndani ya nati, msuguano ni mdogo mno, na skrubu inayosogeza milimita 5 kwa mzunguko hunipa milimita 0.025 kwa hatua. Namba hiyo inapendeza kwenye tasnifu. Ila mjomba anachonga milango, na mlango una mita mbili. Skrubu nyembamba ya urefu huo ikizungushwa kasi hupepea kama kamba ya kuruka. Urefu ukiongezeka mara mbili, kasi inayovumilika hushuka hadi robo.

Mjomba alinisikiliza huku ananoa patasi.

"Sasa mjomba," akasema (naye huniita hivyohivyo), "hizo gololi zikijaa unga wa mbao, na wewe uko chuoni, nani atazifungua?"

Kisha akaongeza kwamba mlango wa mninga wakati wa masika hunenepa kuliko hiyo sufuri nukta yangu. Kwenye tasnifu hoja hiyo imekaa ukurasa mzima, na grafu juu.

Nikachagua chuma cha meno na gia ndogo inayotambaa juu yake, kama kwenye usukani wa magari mengi. Vipande huungwa hadi urefu wowote. Meno yako wazi, brashi inatosha. Gia ya meno 20 niliyonayo hutembea karibu milimita 63 kwa mzunguko, nikaipunguza mara nne kwa puli mbili, na springi inaisukuma ili meno yasichezecheze. Skrubu ya gololi nimeiacha kwenye mwendo wa juu na chini tu, ambako ni fupi na nimeifunika.

Vijana wawili wanaojifunza kwa mjomba walisimama kimya siku ya kwanza ya kujaribu. Nilijua wanachokiwaza, hata mimi nilikuwa nakiwaza. Kisu kinachozunguka hakiwezi kuacha kona ya ndani iliyo kali, huacha mviringo. Mjomba alipitisha kidole kwenye kona ile, akamwambia mmoja wao alete patasi.