Stesheni ya Kigoma na Wenyewe

Sisi wa Kasingirima ni watu wa Ujiji, mji ulioelekewa na njia za bara kwa miaka mingi kabla ya reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora ilikuja kukoma kwetu, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Ujiji Februari 1858. Wenye misafara walitembea kwa miezi, na mali yao ilipanda bara juu ya mabega na vichwa vya wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, ikapitisha pia binadamu waliofungwa minyororo. Hata hivyo ndiyo iliyotuletea lugha ya Kiswahili, ambayo Mmanyema, Muha na Mbembe waliifanya yao sokoni kwetu zamani sana.

Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na ziwani Februari 1914, baada ya kuikata nchi kwa kiasi cha kilometa 1,250. Lakini haikuja Ujiji. Iliishia Kigoma, kilometa chache kaskazini yetu, kwa sababu Kigoma ina ghuba yenye kina na kinga, hali ufuko wa Ujiji u wazi na maji yake ni haba karibu na nchi kavu. Basi mji wa misafara ukaachwa pembeni, na kijiji cha jirani kikawa bandari, na baadaye makao makuu ya mkoa.

Jengo la stesheni lingali limesimama pale Kigoma, karibu na bandari, na matao yake yakitazama mji. Mgeni alionapo husema, "Mjerumani alijua kujenga." Nasi hupenda kumwuliza: kwa mikono ya nani? Maelfu ya Waafrika ndio waliopasua miamba, wakainua matuta, wakalaza mataruma na vyuma. Wanyamwezi, ambao baba zao walikuwa wapagazi wa misafara, walikuwamo miongoni mwa wajenzi hao. Waliijenga kwa jasho lao njia iliyoiua kazi ya baba zao. Habari hii haikuandikwa ukutani, nayo ndiyo msingi wa ukuta wenyewe.

Mara reli ilipokwisha ilitumikia vita. Vipande vya meli Graf von Goetzen, vilivyofungwa katika makasha kiasi cha 5,000, vililetwa Kigoma vikaunganishwa, na meli ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitwaliwe na adui, na mwezi huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Meli iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Wenye amri walibadilika, Mjerumani, Mbelgiji, kisha Mwingereza. Wapakiaji na wapakuaji walibaki wale wale.

Katika utawala wa Mwingereza stesheni ilipata kazi nyingine, nayo ni kuchukua watu. Vijana wa Kiha waliandikishwa kwa mikataba, wakapandishwa mabehewani kwenda kukata mkonge katika mashamba ya mbali. Wakaitwa manamba, kwa kuwa mtu alihesabiwa kwa namba yake kuliko kwa jina lake. Wako waliorudi na nguo za kuvaa na hadithi za kusimulia. Wako waliolowea huko. Ukumbi ambao mgeni huusifu kwa uzuri wake ulikuwa kwa akina mama wengi mahali pa kuagana.

Lakini chombo hakimtii aliyekiunda siku zote. Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwaka 1947, mgomo ulipanda bara kwa kuifuata reli ile ile. Vyuma vilivyolazwa ili kutoa mali vikabeba neno la umoja. Na tangu Uhuru wa mwaka 1961 vimebeba mengi yetu: dagaa na mawese kwenda Dar es Salaam, chumvi ya Uvinza, wanafunzi, askari na wagonjwa. Kwa safari hizo mtu wa ziwa na mtu wa pwani walizoeana, wakataniana, wakaoana.

Sasa inakuja reli mpya. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kazi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na mkataba wa kujenga kipande cha Tabora hadi Kigoma, chenye kilometa 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Twaishangilia, kwa maana mkoa wetu umekaa mbali mno kwa muda mrefu. Ila wahenga walitwambia: usiache mbachao kwa msala upitao. Stesheni ya zamani ikigeuzwa ghala, au ikiachwa popo, tutakuwa tumepoteza ushahidi. Na ikihifadhiwa kama kumbukumbu ya Mjerumani tu, hasara itakuwa ile ile, maana tutakuwa tumemtunzia mwingine kumbukumbu yake na kuitupa yetu.

Yatupasa basi kuihifadhi pamoja na wenyewe. Wazee waliofanya kazi relini, wapiga makoleo, makuli na mafundi, waulizwe wangali hai, na maneno yao yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiha. Nyimbo za manamba zikusanywe. Watoto wa shule wa Ujiji na Kigoma wapelekwe pale, wasimuliwe habari ya mpagazi kabla ya habari ya mhandisi. Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma na mavazi peke yake. Umo pia katika majengo tuliyoyajenga kwa amri ya wengine, ambayo ni yetu kwa haki ya jasho.