Mionzi, rununu na baiti moja

Ndugu zangu wakisikia nimesomea sayansi ya tarakilishi, swali huwa lile lile: eti rununu chini ya mto inaleta saratani? Na ule mnara karibu na shule? Mimi hujibu hivi: mawimbi ya redio ya simu hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Eksirei inayo, miale ya gama inayo. Mwaka 2011 shirika la WHO la utafiti wa saratani liliyaweka mawimbi hayo kwenye kundi la "huenda", kwa hivyo ukiwa na wasiwasi tumia spika, basi. Vile vibandiko vya "kuzuia mionzi" ni kuliwa pesa tu.

Sasa shangazi yangu ameambiwa aanze tiba ya mionzi. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine inaendeshwa na kompyuta?" Ndiyo, shangazi. Hapo nikanyamaza kidogo, maana naijua habari ya Therac-25.

Hii ilikuwa mashine ya tiba iliyoundwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Kati ya 1985 na 1987 iliwapiga wagonjwa sita, Marekani na Kanada, kwa mionzi ya kupindukia. Angalau watatu walikufa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na kufuli za umeme na vyuma zilizozuia mwale usitoke kama mambo hayajakaa sawa. Kwenye hii walizitoa, wakaiachia programu kazi yote. (Mwandishi wa programu yeyote hapo anashika kichwa.)

Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, mhudumu alibonyeza x ya eksirei badala ya e ya elektroni, akarudi kurekebisha haraka. Sumaku zilihitaji kama sekunde 8 kujipanga, na ukimaliza kurekebisha ndani ya muda huo programu haikujua kama umebadilisha kitu. Kiooni ikaandikwa MALFUNCTION 54, bila maelezo. Akabonyeza P kuendelea. Mgonjwa, aliyepaswa kupata radi 180, alikadiriwa kupata kati ya 16,500 na 25,000. Siku hiyo kamera ya chumbani ilikuwa imechomolewa, na kipaza sauti kimeharibika. Alipiga kelele, hakuna aliyemsikia.

Kosa la Yakima, Washington, Januari 1987, lilikuwa dogo zaidi: kigeu cha baiti moja kilichoongezwa 1 kila mzunguko. Kila mara ya 256 kinarudi sifuri, na sifuri maana yake "usikague".

Shangazi nilimwambia asikatae tiba, maana uvimbe ndio hatari kubwa. Mashine za leo zina kufuli zisizotegemea programu. Lakini aulize: mnanionaje na mnanisikiaje nikiwa ndani? Mashine imepimwa leo asubuhi? Mwale wenyewe hausikiki mwilini, kwa hivyo akihisi kuchomwa au kupigwa shoti, apaze sauti mara moja. Na mimi nitakayemsindikiza nibaki nje ya mlango.

Kwa eksirei za kawaida, tunza picha zako za zamani usije ukarudiwa bure, na kama una mimba sema kabla hujaingia.

Aliniandikisha maswali hayo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwa sababu miwani yake imevunjika.