Amana ya Shangazi

Shangazi yangu mpenzi,

Hapa Copenhagen nimemkabidhi msafiri mmoja amana yako, naye akishuka Dar es Salaam atapita Gongo la Mboto na Pugu hata akufikishie mkononi huko Kisarawe.

Amana yenyewe ni kifaa kidogo cha kukatia viungo: bakuli lenye kifuniko, na ndani yake visu vilivyopachikwa katika mhimili mmoja; hakihitaji umeme, bali ukivuta kamba iliyo juu ya kifuniko visu huzunguka, na ukiilegeza hurudi yenyewe kwa nguvu ya springi. Kwa kachumbari, vipasue vitunguu vipande vinne vinne, kisha vuta mara tano au sita, wala usizidishe, usije ukapata rojo. Lililonifurahisha kupita yote, nikikumbuka jinsi machozi yalivyokuwa yakikutiririka kila siku ya maulidi mbele ya kapu zima la vitunguu, ni kwamba ule mvuke mkali unaotoka kitunguu kinapokatwa husalia bakulini, mbali na macho yako. Kifuniko usikitose majini. Kipanguse kwa kitambaa, maana springi ikilowa itashika kutu.

Ama kisamvu, hapo kifaa kilishindwa. Nilipata dukani majani mazima ya muhogo yaliyogandishwa, nikayavutia kamba hata mkono ukachoka, nayo yakatoka yamekatika vizuri, ila hayakupondeka. Ndipo nilipomkumbuka mwalimu wetu wa biolojia kule Kibaha, katika shule za kituo kile ambacho nchi za Nordiki, na hii Denmark ninamoishi ikiwa mojawapo, zilikianzisha mwaka 1963 na kukikabidhi kwa serikali yetu mwaka 1970. Alitufundisha kwamba jani la muhogo lina asili ya sumu, na kwamba ni pale linapopondwa hata seli zake zikavunjika ndipo sumu hiyo huachana nalo, ikatoka kwa mvuke na kwa kuchemshwa sana. Wewe hukupata kusoma somo hilo, lakini hukuturuhusu hata siku moja kuuacha mchi kabla kisamvu hakijalainika, na leo naona kwamba ulikuwa ukituhifadhi.

Usiku ule niliyaponda majani yale, konzi kwa konzi, katika kikinu changu cha kitunguu saumu, kisha nikayachemsha sufuria ikiwa wazi, na nazi nikaitia mwisho.

Msafiri wangu atarejea baada ya majuma matatu. Tafadhali mpe kinu cha mti mgumu, kisichozidi kimo cha goti, chenye kitako kipana, pamoja na mchi wake. Nitakitandikia blanketi chini, kwa kuwa ghorofa hizi hupitisha kila kishindo hadi kwa jirani.