Kijisanduku cha Wati Tano

Tangu ilipojulikana ya kuwa sisi walimu wa Makorora tumenunua mashine ya kukuza sauti ya gitaa, watu wengi wametuuliza habari zake, wengine kwa kutaka kujua, wengine kwa kutucheka: Mbona mmetoa fedha nyingi hivyo, nanyi mmerudi na kijisanduku kama cha kuwekea nguo za mtoto mchanga? Twaona yafaa kuandika mambo yote tangu mwanzo, hata yale yanayotuaibisha, maana huenda huko Muheza au Korogwe wako wengine wanaochanga fedha kwa kazi kama hii, nao wasije wakaanguka katika shimo tuliloanguka sisi.

Sisi tu wanne: walimu watatu, na mzee mmoja ambaye hakufundisha shule hata siku moja, lakini katika gitaa ndiye mwalimu wetu sote. Ujanani alifanya kazi miaka mingi katika korona ya mkonge, na jioni alijifunza gitaa kwa kuwatazama wapigaji wa Ngamiani. Muziki tuupendao kuupiga ni ule uitwao bluzi. Kwa wasioujua, ni nyimbo za majonzi na za maisha magumu, zilizoanzwa na watu weusi wa kusini ya Marekani, hasa upande wa Mississippi, watoto na wajukuu wa watumwa, waliolima pamba katika mashamba ya wengine. Mara nyingi mwimbaji husema neno lake, hulirudia mara ya pili, kisha hulitolea jibu. Na kila anaponyamaza gitaa humwitikia, kama kwaya inavyomwitikia mwanzishaji. Mzee wetu alipousikia mara ya kwanza katika redio, alitega sikio mpaka mwisho, akasema, “Huyu naye amefanya kazi ya shamba.”

Na watu wa Tanga twayajua mashamba. Mkonge wetu wenyewe ni mgeni kutoka huko huko: Daktari Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na katika miche 1,000 iliyotumwa ni 62 tu iliyofika hai. Kwa hiyo 62 yalianza mashamba yale makubwa, na watu wakaletwa kutoka mbali kuyafanyia kazi, wakaitwa manamba, kwa kuwa mtu alijulikana kwa namba yake kuliko kwa jina alilopewa na mamaye. Walikuja na nyimbo zao. Bendi ile iliyopata sifa kwa jina la Jamhuri Jazz hapo kwanza iliitwa Young Nyamwezi, na jina hilo latosha kuonyesha wenyewe walitoka wapi. Kisha walikuwako Atomic Jazz, na wale wa Black Star waliolitia gitaa la umeme katika taarabu. Basi gitaa la umeme si mgeni katika mji huu, wala hatukulileta sisi.

Hata hivyo mzee mmoja wa kanisa alitujia akatuuliza, “Walimu, huu si muziki wa vilabuni? Watoto watasema nini?” Hatukumdharau, maana swali lake ni la haki. Twalimweleza habari za Thomas Dorsey, Mmarekani mweusi, aliyekuwa mpigaji wa bluzi mwenye jina kubwa kabla hajawa mtunzi wa nyimbo za kanisa. Mwaka 1932 alikuwa safarini St. Louis kwa kazi ya kuimba, akaletewa habari ya kuwa mkewe amefariki katika kujifungua. Na mtoto naye hakukaa, akamfuata mamaye. Katika msiba huo ndipo alipotunga wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono, unaoimbwa hata leo katika makanisa mengi ya dunia. Vidole vilivyoupiga ni vile vile vilivyopiga bluzi. Mzee wa kanisa alinyamaza kitambo, akasema atafikiri. Mpaka leo hajatuambia amefikiri nini, ila siku tuliyopiga alikuja, akakaa mstari wa mbele.

Sasa, kwa nini tulitaka mashine? Vidole vya mzee wetu vimechoka. Baridi ikiingia havikunji vema, na akikaza nyuzi sana huumwa usiku kucha. Gitaa la mbao lisilo na umeme lataka mkono wenye nguvu, au sauti yake haivuki mkeka wa pili. Gitaa la umeme ni namna nyingine: chini ya nyuzi za chuma pana sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana, na uzi ukitikisika, hata kidogo, hutoa mkondo hafifu wa umeme, nao ukipita katika mashine hukuzwa mpaka uweze kuitikisa spika. Ni haja hiyo hiyo iliyompata Muddy Waters, aliyetoka Mississippi akahamia Chicago mwaka 1943. Katika vilabu vya mji ule makelele yalikuwa mengi, gitaa lake la mbao likafunikwa, akashika la umeme. Yeye alishindana na makelele, mzee wetu ashindana na uzee. Tena alikuwa na neno moja moyoni: mkewe alikuwa amefariki, na siku ya ukumbusho wa mwaka alitaka apige mwenyewe uani kwake, jirani zote wasikie, bila mtu mwingine kumshikia gitaa.

Hapo ndipo tulipokosa. Fedha zetu hazikutosha, kwa hiyo tulikopa shilingi 450,000 katika chama cha kuzikana cha mtaa wetu, kwa idhini ya wanachama, tukiahidi kuzirudisha kwa miezi sita. Twalinunua mashine iliyokwisha kutumika, kubwa, yenye sura ya fahari, iliyotoka Marekani. Twalibeba kwa mkokoteni mpaka Makorora, watoto wakitufuata. Tukaichomeka ukutani. Taa nyekundu iliwaka kwa nguvu sana, ikasikika sauti kama ya samaki katika mafuta ya moto, kisha moshi. Fundi wa redio alipoigeuza alituonyesha kibati kidogo nyuma, kimeandikwa volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Sisi ni walimu, twajua kusoma, na kibati kile hatukukisoma! Transfoma iliungua, na vingine pamoja nayo, na kuitengeneza kungegharimu karibu sawa na bei tuliyoinunulia.

Juma lile lile alifariki mama mmoja wa mtaani, na mfuko wa chama ukapungua fedha tulizozichukua sisi. Hatutaki kueleza sana jambo hili. Twalipita nyumba kwa nyumba usiku, tukakopa kidogo kidogo, elfu mbili kwa huyu, elfu tano kwa yule, mpaka mama akazikwa kwa heshima yake. Hakuna aliyetutukana. Ingekuwa afadhali wangetutukana.

Basi mara ya pili tulikwenda polepole. Twalijifunza kwanza habari za wati, maana wengi hudhani ya kuwa mashine ya wati 50 hulia mara kumi kuliko ya wati 5. Sivyo. Sikio la mwanadamu halihesabu hivyo. Nguvu ikizidishwa mara kumi, sikio laona kama sauti imezidi mara mbili tu. Na wati 5 zenye spika njema zatosha ua wenye watu hamsini, tena jirani wa nyumba ya tatu atasikia.

Jambo la pili ni namna ya mashine. Ziko za valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka kwa ndani, kama vilivyokuwamo katika redio za zamani. Na ziko za transista, kitu kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1947. Siku hizi ziko pia za kompyuta, zinazoigiza sauti za zote. Ya transista ni nyepesi, rahisi, haiungui ovyo, na nyingine ndogo hutumia betri. Kwa kijiji kisicho na umeme twaisifu bila kusita. Lakini katika bluzi ya valvu ina tabia moja njema. Mtu akipiga kwa upole hutoa sauti safi. Akizidisha, sauti haivunjiki kwa ghafula, bali hukwaruza kidogo kidogo, kama koo la mtu aliyekwisha kulia. Ya transista ikifika mwisho wa nguvu zake hukata kama kisu. Ukwaruzo huo zamani ulihesabiwa kuwa kasoro. Mwaka 1951, vijana waliokwenda Memphis kurekodi wimbo uitwao “Rocket 88” walifika na mashine iliyoharibika, na yasemekana spika yake ilijazwa karatasi ili ipate kulia; ikalia kwa kukwaruza, na watu wakaipenda vivyo hivyo.

Mwenzetu kijana, mwalimu wa hesabu, alitaka mashine ya wati 100. Wala hakuwa mpumbavu; alisema, “Tukiwa nayo tutapiga katika arusi, tutapata fedha, deni litakwisha.” Twalibishana juma zima, mpaka siku mbili hatukusalimiana vema shuleni. Mwishowe tulikubaliana kwamba tusiamue Makorora, bali tupande basi pamoja na mzee na gitaa lake mpaka Dar es Salaam, na sikio lake ndilo liamue. Na hili twawashauri wote: msinunue kwa jina lililoandikwa mbele. Mashine ya Fender iitwayo Bassman ilitengenezwa kwa gitaa la besi, na wapigaji wa bluzi wakaiona yawafaa wao. Hata Jim Marshall wa London, alipoanza kutengeneza mashine zake mwaka 1962, aliifuata hiyo. Jina lilisema besi, masikio yakasema vingine.

Dukani mwenye duka alituletea kwanza ile kubwa ya valvu. Mzee akapiga. Sauti ilikuwa safi, nzuri, lakini safi tu. Alijaribu kukaza mkono ili ikwaruze, tukaona uso wake unavyokunjamana kwa maumivu. Twaliiongeza sauti, mwenye duka akatushika mkono, maana vioo vya kabati vilianza kutikisika. Mashine kubwa haifiki mwisho wa nguvu zake ila kwa kishindo. Kisha ikaletwa ya wati 5, yenye valvu mbili tu na kitufe kimoja. Baada ya kungoja ipate moto, mzee aligusa nyuzi kwa ncha za vidole, kama mtu agusaye paji la mgonjwa, na ikalia ule mlio wenye kukwaruza, sauti ikiwa ya kiasi. Kwa kuwa ni ndogo, yafika mwisho wa nguvu zake upesi, na mkono dhaifu waweza kuifikisha. Mzee hakusema neno. Alipiga, akapiga, mpaka mwenye duka akaenda kuwahudumia wengine. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyesema, “Tuichukue hii.”

Kabla ya kulipa tulisoma kibati cha nyuma, sote wanne, mmoja baada ya mwingine: volti 230. Mwenye duka alicheka, nasi hatukujali.

Yako mambo machache ya kuitunza. Hewa ya bahari ya kwetu hula chuma, kwa hiyo twaifunika kwa kitambaa kikavu, na ncha za waya twazipangusa kila Jumamosi. Isifunguliwe na asiye fundi: ndani ya mashine ya valvu mna volti mia kadhaa, nazo huweza kukaa humo hata baada ya kuzimwa na kuchomolewa, na zaweza kumwua mtu.

Siku ya ukumbusho mzee aliketi chini ya mwembe wake, mashine juu ya kiti. Alipiga nyimbo tatu, na ya nne ndiyo aliyoipenda marehemu. Katikati yake umeme ulikatika mtaa mzima. Sauti ya mashine haikukatwa. Ilididimia kidogo, kama mtu anayeondoka akiwa bado anasema, ndipo ikanyamaza. Mzee hakuacha. Aliendelea kupiga lile gitaa la umeme lisilo na umeme, na mlio wake ni kama wa nzi ndani ya chupa. Watu walisogeza mikeka na viti mpaka magoti yao yakawa karibu kumgusa, na wa nyuma wakasimama. Alipomaliza aliuliza kama umesikika. Mzee wa kanisa akamjibu, “Tumesikia.”

Twaendelea kukutana Jumatano na Jumamosi. Arusi mbili tumekataa, moja tumepiga, kwa kuwa ua wake ulikuwa mdogo. Deni la chama cha kuzikana limebaki shilingi 85,000, nasi tumeahidi kulimaliza kabla ya Krismasi. Valvu mbili za akiba tunazo, zimetiwa katika soksi ya sufu juu ya kabati ya mwalimu wa hesabu.