Nilivyogombanisha mama na mtoto wake kwa neno kodi

Vijana wenzangu, wiki hii naandika kosa langu mwenyewe. Majina sitaji.

Mnajua kazi yangu hapa Nakivale: kusomea watu barua na kutafsiri ujumbe wa simu. Kuna mama jirani yetu, kijana wake alipelekwa Marekani, mji mdogo jimbo la Kentucky, anafanya kazi kiwanda cha kuku. Siku moja kijana alituma picha ya nyumba aliyohamia, na karatasi ya Kiingereza juu ya hiyo nyumba. Nikatafsiri: "Ni nyumba ya watu wa kipato kidogo, ina msamaha wa kodi."

Sasa kwetu kodi ni pesa ya serikali, na kodi ni pesa ya mwenye nyumba. Mama akasikia ile ya pili. Na mimi, nisidanganye, nilisikia ile ya pili pia, ingawa shuleni nilifundishwa kwamba Kiingereza kina maneno mawili tofauti.

Ilikuwa wakati posho ya chakula imepunguzwa. Mama akampigia: "Wewe nyumba hulipi, mbona unatuma dola 50 tu?" Kijana akakasirika, akanyamaza miezi miwili. Halafu usiku mmoja akanipigia mimi. "Ndugu yangu, ulimwambia mama nini?"

Akanieleza, na mengine nikayatafuta mwenyewe. Iko hivi. Mpango huo ulianza 1986. Serikali haijengi nyumba yenyewe. Kila jimbo linapewa kiasi cha punguzo la kodi, na wajenzi wanashindana kuliomba. Mjenzi akilipata, mara nyingi analiuzia benki au kampuni kubwa, na hiyo benki inalipa serikali kodi kidogo kwa miaka 10. Pesa ya benki inaingia kwenye ujenzi. Yaani anayesamehewa kodi ni benki, siyo kijana wa kiwanda cha kuku! Nilicheka peke yangu pale gizani, halafu nikakumbuka nani aliyesababisha.

Kijana yeye anapata kodi ya nyumba yenye kikomo, kwa kawaida kwa miaka 30. Ila kikomo hakipimwi na mfuko wake. Wanaangalia kipato cha kati cha kaunti, wanachukua sehemu yake, mara nyingi asilimia 60, na asilimia 30 ya hapo ndiyo mwisho wa kodi, umeme na maji vikihesabiwa ndani. Tuseme hiyo asilimia 60 ni dola 40,000 kwa mwaka. Kikomo ni 12,000, yaani 1,000 kwa mwezi. Wakikupunguzia masaa kiwandani, bado ni 1,000. Na yeye walikuwa wamempunguzia masaa. Hata hivyo aliishukuru ile nyumba, alingoja kwenye orodha muda mrefu akiwa amebanana na wenzake watano vyumba viwili.

Kesho yake nikaenda kwa mama. Alikuwa anachambua maharage. Nikaomba punje 18, kila moja dola mia: huo ndio mshahara wa mwezi. Nikatoa 9 za nyumba. Nikatoa 4 za gari, maana kule bila gari kiwandani hufiki. Nikatoa 3 za chakula, na moja ya deni la tiketi ya ndege, ile tiketi yetu wote tunayodhani ni zawadi. Ikabaki punje moja. Mama akaishika mkononi muda, akaniuliza: "Na simu anayonipigia, analipa na nini?"

Sikuwa na jibu.

Ninyi wa mashirika mnaotusoma, mkifundisha watu wanaosafiri, tafadhali semeni wazi ni kodi ipi. Najua mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, kesi nyingi zimekwama, hata ya kwetu. Lakini watu bado wananiuliza kama kule nyumba ni bure, na wana watoto huko wanaowadai.

Mama na kijana wanaongea tena, Jumapili kwa Jumapili. Mimi ananisalimia vizuri, hata ugali ananipa. Ila ujumbe wa Kiingereza ukiingia, anampelekea binti wa nyumba ya tatu.